Ridhaa ya Mwenye Njaa

Wahenga wetu walisema kwamba ahadi ni deni, na mtoto aliyelelewa katika lugha hii hulisikia neno hilo kabla hajajua kusoma. Neno hilo ni la kweli, wala hatukukusudia kulipinga. Jamii ambayo watu wake hawatimizi ahadi haiwezi kulima pamoja, kuoana, kukopeshana wala kuishi kwa amani. Lakini kila neno la hekima lina mpaka wake, na mpaka wa neno hili huonekana tunapouliza swali moja: je, ahadi iliyotolewa na mtu ambaye hakuwa na njia nyingine ni ahadi kamili? Mwenye njaa anapotia dole gumba kwenye karatasi, aliyekubali ni yeye, au ni njaa yake?

Swali hili lina pande tatu. Upo upande wa nafsi ya mtu, yaani namna akili yake inavyofikia uamuzi. Upo upande wa sheria ya biashara, ambayo huamua ni mapatano gani yanamfunga mtu na yapi hayamfungi. Na upo upande wa Serikali, ambayo huweka kanuni ili mwenye nguvu asimle asiye na nguvu. Aghalabu mambo haya hufundishwa katika vitabu mbalimbali, kana kwamba hayajuani. Sisi tunaona kwamba yanakutana mahali pamoja, na mahali hapo, kwa Kiswahili, panaitwa ridhaa.

Hebu tuanze na kisa tulichokiona wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifanya kazi katika ofisi moja wilayani Bunda. Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati ambapo pamba imo shambani ikipaliliwa na ghala la chakula limekwisha kufagiliwa. Walikuja watu wawili: mzee mmoja mkulima, na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na karatasi. Karatasi ilisema kwamba mzee amepokea magunia mawili ya mahindi, naye atatoa kilo 500 za pamba mwezi wa Julai. Tulimwuliza mzee kama amekubali. Akajibu, “Nimekubali, mwanangu.” Akatia dole gumba, nasi tukagonga muhuri.

Mwezi wa Julai mzee alirudi. Alikuwa amekwisha kuipeleka pamba yote aliyoahidi. Hakuja kulalamika, alikuja kuomba karatasi ile ifutwe, ili jina lake lisibaki kwenye deni. Tulipiga hesabu mbele yake, tukaona kwamba kwa bei ya msimu ule pamba aliyoitoa ingenunua magunia sita. Tukamwuliza, “Mzee wetu, kwa nini ulikubali jambo kama hili?” Akatutazama kwa muda, kisha akasema, “Nilikubali, lakini sikuridhika. Ninyi mliniuliza kama nimekubali.”

Tangu siku ile tumelichukua jibu hilo moyoni. Mzee yule, ambaye hakusoma sheria wala elimu ya nafsi, alitenganisha maneno mawili ambayo sisi wenye muhuri tuliyachanganya. Kukubali ni tendo la mdomo na la kidole. Kuridhika ni hali ya moyo ulioona, ukapima, ukachagua. Mtu anaweza kukubali bila kuridhika, kama vile mgonjwa anavyoweza kunywa uji asioutaka, kwa kuwa, kama wasemavyo Waswahili, mgonjwa haulizwi uji.

Wataalamu wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, wamezoea kuzigawa kazi za nafsi katika mafungu matatu: utambuzi, hisia na utashi. Kwa utambuzi mtu hujua jambo lililo mbele yake. Kwa hisia hulipenda, hulichukia au huliogopa. Kwa utashi huamua kutenda au kutotenda. Mafungu haya hayakai katika vyumba vyenye kuta. Hofu ikizidi, utambuzi hufifia. Na utambuzi ukififia, utashi hushika kilicho karibu, kama vile mfa maji anavyoshika unyasi. Hapo mtu bado ana akili zake timamu, hana wazimu wala ulevi, lakini uamuzi wake umepunguzwa uzito.

Jambo hili si dhana tupu. Mwaka 2013 watafiti wanne, Mani, Mullainathan, Shafir na Zhao, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, huko India. Waliwapima wakulima wale wale mara mbili: kabla ya mavuno, walipokuwa na shida ya fedha, na baada ya mavuno, walipokuwa na nafuu. Waliona kwamba mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri alipokuwa na dhiki kuliko alipokuwa na nafuu. Hakuwa mjinga mwezi wa kwanza na mwerevu mwezi wa pili. Dhiki ilikuwa imechukua sehemu ya akili yake, ikaitumia kwa kuhangaikia kesho. Watu wa Bunda wakielezwa habari hiyo hawatashangaa. Wanaijua Februari yao.

Sasa tutazame upande wa sheria. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata sheria ya India ya mwaka 1872. Sheria hiyo haisemi kwamba kila mapatano ni mkataba. Inataka mapatano yafanywe kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, yawe na kitu cha halali kinachotolewa kwa kubadilishana, na yawe na kusudi la halali. Tena inaeleza kwamba ridhaa si huru ikiwa imepatikana kwa shuruti, kwa ushawishi usiofaa, kwa udanganyifu, kwa maelezo ya uongo, au kwa kukosea. Ridhaa ikikosekana kwa sababu ya shuruti, udanganyifu au ushawishi usiofaa, yule aliyeonewa ana haki ya kuukataa mkataba.

Katika kueleza ushawishi usiofaa, sheria hiyo imegusa jambo letu hasa. Inasema kwamba mtu huhesabiwa kuwa na uwezo wa kuutawala utashi wa mwenziwe iwapo anafanya mkataba na mtu ambaye uwezo wake wa akili umeathirika, kwa muda au daima, kwa sababu ya umri, ugonjwa, au dhiki ya akili au ya mwili. Kisha inaongeza kwamba, pale ambapo mtu mwenye uwezo huo amefanya mapatano yanayoonekana kuwa ya dhuluma, ni juu yake yeye kuthibitisha kwamba hakuutumia uwezo wake vibaya. Msomaji na aangalie vizuri: mzigo wa kuthibitisha hauwekwi juu ya mnyonge, bali juu ya mwenye nguvu. Kwa hiyo sheria ilikwisha kuutambua utu wa mzee wetu wa Bunda hata kabla sisi hatujaushika muhuri. Ni sisi tuliokuwa hatujaisoma.

Katika mkoa huu wa Mara hatuwezi kuzungumza habari ya mikataba bila kukumbuka Butiama. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili, iliyotoka mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Kiini cha tamthilia hiyo ni mkataba. Antonio anakopa fedha kwa Shylock, na anakubali kwamba asipolipa kwa wakati, mkopeshaji atakata ratili moja ya nyama ya mwili wake. Deni linapochelewa, Shylock anadai haki yake mahakamani. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anamwambia kuwa nyama ni yake, lakini karatasi haikutaja damu.

Wanafunzi wengi hufurahia werevu wa Portia. Sisi tungependa wajiulize maswali mawili zaidi. La kwanza: je, Antonio hakuridhika? Kwa hakika aliridhika. Alikuwa tajiri, hakuwa na njaa, akajua alilolitia sahihi. Basi kosa la mkataba ule halikuwa katika ridhaa, bali katika kitu chenyewe kilichoahidiwa. Sheria yetu haimruhusu mtu kuuahidi mwili wake ukatwe, hata kama amependa. Kusudi lenye kumdhuru mtu si la halali, na mkataba kama huo ungekuwa batili tangu siku ya kwanza, bila haja ya hoja ya damu. Kwa hiyo tunajifunza kwamba ridhaa ni sharti la lazima, lakini peke yake haitoshi.

Swali la pili linamhusu Shylock mwenyewe. Mwishoni, baada ya kutishwa kwa kifo na kupoteza mali, anapewa masharti, na miongoni mwa masharti hayo ni kuiacha dini yake. Kisha anaulizwa kama yu radhi, naye anasema kuwa yu radhi. Hapo mahakama iliyojisifu kwa haki inapokea ridhaa ya mtu aliyeshikwa koo. Aliyekuja kudai nyama ya mwenziwe kwa nguvu ya karatasi anaondoka akiwa ametoa imani yake kwa nguvu ya hukumu. Hatuoni tofauti kubwa kati ya jibu lake na jibu la mzee wa Bunda. Wote wawili waliulizwa. Wote wawili walikubali. Wala hakuna hata mmoja aliyekuwa na mlango wa pili.

Lakini yatupasa kuisikiliza hoja ya upande mwingine, kwani ni hoja nzito. Mfanyabiashara anaweza kusema: “Mimi sikumletea mzee yule njaa. Nilimletea mahindi wakati ndugu zake hawakumletea. Ikiwa kila aliyekopa atasema kwamba alikuwa na dhiki, ni nani atakayethubutu kuwakopesha wenye dhiki? Mtawalinda mpaka wafe.” Na mzee naye anaweza kusema: “Mimi si mtoto. Sheria inamzuia mtoto asifunge mkataba, nanyi mnataka kunirudisha utotoni kwa sababu mimi ni maskini.”

Hoja hizi mbili zina ukweli. Kumlinda mtu kupita kiasi ni kumdharau. Historia yetu wenyewe ina funzo juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Walianza kwa jambo dogo, yaani kuipima pamba yao wenyewe, ili mkulima ajue uzito wake kabla ya kuambiwa na mnunuzi. Kutoka katika mizani hizo vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, mzaliwa wa upande huu wa Musoma. Wakulima wale hawakuomba mtu awaamulie. Walitaka kuona mshale wa mizani kwa macho yao, ili wakikubali bei wawe wameikubali kweli.

Kisha, mwaka 1976, Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa mazao ukawekwa chini ya mamlaka za mazao. Nia ilielezwa kuwa njema. Lakini mkulima hakuulizwa, na kile kilichojengwa kwa ridhaa kilibomolewa bila ridhaa. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuvirudisha, na Mwalimu mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kuvunja vyama vya ushirika lilikuwa ni moja ya mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Tunaona fahari kwamba mtu wa Butiama aliweza kusema hivyo. Na tunaona funzo pia: Serikali inayomlinda mnyonge kwa kuamua badala yake inafanya lile lile analolifanya mkopeshaji mwenye nguvu, ingawa kwa nia nyingine.

Basi kazi halali ya kanuni za Serikali ni ipi? Kwa maoni yetu, kazi yake si kuridhia kwa niaba ya raia, bali ni kuziandaa hali ambazo ndani yake raia anaweza kuridhia. Hali hizo ni nne.

Ya kwanza ni kipimo cha kweli. Mtu hawezi kuridhia bei ya kitu asichokijua uzito wake. Ndiyo maana tunao Wakala wa Vipimo, na ndiyo maana lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ni kosa. Anayenunua lumbesa hujitetea kwamba mkulima amekubali. Amekubali nini? Gunia moja, au gunia na robo lililoitwa gunia moja?

Ya pili ni lugha. Hakuna ridhaa juu ya maneno yasiyoeleweka. Kwa miaka mingi mikataba na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi akawa mgeni katika kesi yake mwenyewe. Ni jambo la heshima kwa mkoa wetu kwamba Jaji Zephrine Galeba, alipokuwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa kesi iliyohusu mgodi wa dhahabu, na kwamba tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria, Rais John Magufuli alimsifu kwa sababu hiyo na kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Watu wengine waliona ni suala la fahari ya taifa. Sisi tunaona kwamba, kabla ya kuwa fahari, ni suala la ridhaa.

Ya tatu ni muda. Uamuzi wa haraka ni rafiki wa mwenye nguvu. Siku hizi ipo mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo linatosha kuwa ushahidi. Mkopaji hupewa fedha mara moja, hutia sahihi mara moja, na huanza kujuta taratibu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewataka watoaji wa mikopo midogo wawe na leseni au usajili, nayo imeziweka huduma hizo katika madaraja manne, kuanzia taasisi zinazopokea amana mpaka vikundi vya kijamii. Hilo ni jema. Lakini leseni ukutani haimfundishi mtu kusoma karatasi mara mbili, wala haimlazimishi mkopeshaji kumwambia mteja wake arudi nyumbani akalale kwanza, kesho aje.

Ya nne, nayo ndiyo kubwa, ni njia nyingine. Nenda kwenye mialo ya Musoma alfajiri, mitumbwi inaporudi na dagaa au sangara. Mvuvi aliyepewa nyavu na mashine na tajiri mmoja, kwa sharti la kumwuzia yeye tu, hawezi kubishana bei. Akiulizwa kama anaikubali, atasema anaikubali. Mvuvi mwenziwe aliyepata nyavu kwa akiba ya kikundi chake ataambiwa bei ile ile, atatikisa kichwa, na kwenda kwa mnunuzi wa pili. Huyu hata akirudi kwa yule wa kwanza na kuipokea bei aliyoikataa, ameipokea akiwa mtu huru. Tofauti ya watu hawa wawili haimo katika akili zao. Imo katika ule mlango wa pili.

Hata hivyo tungekuwa tumemdanganya msomaji kama tungemaliza kwa kuitaja Serikali tu. Hakuna kanuni inayoweza kukaa katika kila kibaraza ambapo watu wawili wanapatana. Baada ya sheria yote kusemwa, linabaki jambo la utu, nalo liko mikononi mwa yule mwenye nguvu zaidi kati ya wanaopatana. Yeye anaweza kujiuliza: kama mwenzangu angekuwa na chakula cha mwezi mmoja ndani, angekubali masharti haya? Ikiwa jibu ni la, basi anajua kwamba anachopokea si ridhaa ya mwenziwe bali ni dhiki yake. Anaweza kudai faida, kwani biashara bila faida haidumu. Lakini anajua mahali ambapo faida inaishia na unyang'anyi wenye karatasi unaanza.

Na sisi wenye mihuri tuna swali letu. Wajibu wa mtumishi wa umma hauishii katika kuuliza kama mtu amekubali. Yampasa aulize pia kama ameelewa, kama amepewa muda, na kama alikuwa na pengine pa kwenda. Maswali hayo matatu yangetuchukua dakika chache asubuhi ile ya Februari. Hatukuyauliza, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na karatasi ilikuwa safi.

Walimu watakaosoma insha hii darasani huenda wakaulizwa na wanafunzi wao: je, mzee yule alifanya vizuri kulipa? Na wamwachie kila mwanafunzi ajibu. Sisi tunasema kwamba mbele ya sheria angeweza kukataa, na asingekuwa na lawama. Alilipa kwa kuwa alilelewa kuamini kwamba ahadi ni deni, wala hakutaka njaa ya mwezi mmoja imwondolee jina la maisha yake yote. Kwa hiyo yeye alikuwa na deni la pamba, akalilipa. Aliyemkopesha alikuwa na deni la haki, nasi tulikuwa na deni la maswali matatu. Madeni hayo mawili hayajalipwa.